Kikombe cha Mama wa Sura ya Tisa

Sanduku la Haboba lilikuwa la bati, la rangi ya kijani iliyobabuka, na tangu nipate akili sikuwahi kuliona wazi nikiwa karibu. Haboba ndivyo tunavyomwita bibi huku Juba. Tulilifungua siku ya nne baada ya maziko, mimi na jirani yetu Mama Poni, na harufu ya ubani ikatoka kabla hatujaona kitu. Ndani mlikuwa na milaya mbili, yaani mashuka aliyoyadarizi kwa mkono wake, gauni dogo la mtoto lililofifia, na ushanga. Katikati ya milaya ya pili palikuwa na karatasi zilizokunjwa mara mbili. Nilizikunjua. Juu ya ya kwanza paliandikwa Sura ya Tisa.

Nilikaa chini pale pale sakafuni. Mama Poni alinishika bega akidhani kilio kimenizidi, kumbe lililonishika lilikuwa jingine kabisa. Kwa sababu ya karatasi zile niliitwa mpoteza-kitabu muhula mzima nikiwa na miaka tisa hivi. Nilizitafuta chini ya vitanda, kwenye gunia la mkaa, hadi ndani ya banda la kuku. Na Haboba alinisaidia kutafuta, akiinua kila kitu nyumbani isipokuwa sanduku hili.

Kwanza niseme mimi ni nani kwake. Haboba hakumzaa mama yangu, wala hakumjua. Aliniokota njiani siku watu walipokuwa wakikimbia bunduki, nikiwa na umri wa kutamka maneno mawili matatu tu, nimevaa gauni na ushanga kiunoni. Alinibeba mgongoni hadi mapigano yalipotulia, akarudi nami nyumbani kwake mtaa wa Juba Na Bari, karibu na mto, akaendelea kupika kisra, ule mkate mwembamba wa mtama, na kuuza. Hakunificha habari hiyo hata siku moja. Alinisimulia tangu utotoni kama wengine wanavyosimuliwa walivyozaliwa hospitali, na mimi niliona ni namna nzuri tu ya kuzaliwa.

Jambo moja ndilo aliloniepusha nalo. Mara moja au mbili kwa mwaka walikuja watu wa kutafuta waliopotea, wakatandika meza kwenye uwanja wa kanisa na kufungua kitabu kikubwa cha picha. Kila ukurasa ulikuwa na nyuso za watoto na watu wazima, zenye namba chini. Kina mama walipanga foleni, wakapekua polepole wakigusa kila uso kwa kidole. Mtu akimtambua wake, picha ile ilitolewa na nafasi yake ikabaki tupu. Sisi watoto tuliijua maana ya nafasi tupu: huyo amepatikana. Tulizihesabu nafasi hizo na kushangilia. Ila mimi sikuwahi kukaa kwenye kigoda cha kupigwa picha. Kila ilipofika siku ya kupiga picha, Haboba alikumbuka kuwa kuna kuni za kuokota mbali, na kwamba ni lazima twende wote wawili.

Ndipo alipokuja Mwalimu Auma. Alikuwa Mkenya, mrefu, mwenye sauti nzito, na alikuja kutufundisha Kiswahili katika shule ambayo wengi wetu lugha hiyo tuliijua ya kununulia sukari tu. Aliyeijua kweli alikuwa Abdi, mtoto wa Msomali mwenye duka la jumla, ambaye alizaliwa Kenya na hakuacha kutukumbusha. Mwalimu Auma alikuja na riwaya moja. Moja tu, kwa darasa la watoto arobaini na kitu. Jalada lilikuwa limeng'oka kabla halijatufikia, kwa hiyo jina la kitabu kile silijui mpaka leo.

Siku ya kwanza alikiweka mezani, akatoa wembe mkobani, akaanza kukata nyuzi za mgongoni. Tulikuwa watoto wa kuchapwa kwa kukunja pembe ya daftari, na huyu mwalimu anachinja kitabu mbele ya macho yetu. Alikipasua kwa utulivu hadi kikawa mafungu kumi na mawili, sura kumi na mbili, kisha akatugawia, fungu moja kwa kila kundi na mtunzaji mmoja kwa kila fungu. Mimi nikawa mtunzaji wa sura ya tisa. Sijui kama maishani nimewahi tena kukabidhiwa kitu nikakishika kwa mikono miwili vile.

Kazi aliyotupa ilikuwa hivi. Kila mtunzaji akisoma sura yake, aipeleke nyumbani, awasomee watu wa kwao kwa lugha yao, asikilize watakachosema. Ijumaa yake ikifika, asimame aisome darasani, kisha atuambie nyumbani wamesemaje. Hakuna kurukaruka. Ya pili haisomwi kabla ya ya kwanza, na hakuna kuchungulia ya mwenzako. Ukutani alibandika karatasi za mifuko ya saruji, tukachora watu wa riwaya kwa mkaa, tukawaunganisha kwa uzi: nani kamzaa nani, nani jirani ya nani, nani anamsaidia nani. Kila wiki uzi uliongezeka.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya mama aliyepotezana na mtoto wake Zuhura siku mto ulipofurika. Mama huyo alikwenda soko hadi soko akiuliza. Mwalimu alikuwa na desturi ya kusimama katikati ya kusoma na kutuuliza, "Nani anamjua mtu kama huyu?" Na mikono ilikwenda juu. Abdi alisema anamjua, shangazi yake wa Garissa. Mwingine akasema ni mama mwenye nyumba wao wa mtaa wa Lemon Gaba. Mwalimu aliandika majina hayo pembeni ya michoro. Basi mimi nikaelewa yote, au niseme nilidhani nimeelewa. Kitabu chenye watu waliopotea nilikuwa nakijua. Hiki nacho ni kile kile, ila hakina picha, kina maneno, na tunakipeleka nyumba kwa nyumba ili mtu fulani mahali fulani aseme, huyu namjua. Nilimheshimu Mwalimu Auma kupita kiasi. Nilimwona anafanya kazi kubwa na wengine darasani wanacheza.

Kila Ijumaa jioni nilimsimulia Haboba nilichosikia. Alikuwa akigeuza kisra kwenye bamba la moto, mimi nimechuchumaa upande usio na moshi, nikihamisha Kiswahili kuwa Kiarabu cha Juba kadiri nilivyoweza. Neno moja tu sikulihamisha, hodi. Kwetu mtu akifika langoni hupiga makofi, na nilipenda kwamba watu wa riwaya wana neno kabisa badala ya makofi. Nilimweleza kuwa anayetaka kuingia husema hodi, na aliye ndani hujibu karibu. Haboba alilirudia neno lile mara mbili tatu, akacheka.

Alikuwa upande wa yule mama, na sana. Nikirudi shule swali lake la kwanza lilikuwa, "Amefika wapi leo?" Alimlaani mwenye soko aliyemfukuza. Alitaka kujua amelala wapi, amekula nini, viatu anavyo. Aliposikia katika sura ya saba mama huyo ameumwa homa na kulala bila kuvua viatu, aliacha kugeuza mkate hadi ukaungua, na Haboba hakuwa mtu wa kuunguza mkate.

Kisha ikaja zamu yangu. Nilimsomea sura ya tisa alasiri moja, nikiwa nimenyoosha mgongo kama katekista. Katika sura ile tunamwona Zuhura kwa mara ya kwanza. Yu hai, anaishi kwa bibi mmoja mzee aliyemwokota baada ya mafuriko. Bibi anamsuka nywele uani, anamtania, mtoto anacheka. Nilifurahi nikashindwa kujizuia, nikamwambia, "Haboba, huyu bibi ni kama wewe."

Aliniashiria niendelee. Nikasoma hadi mwisho, ambapo yule mama, baada ya miaka ya kuuliza, anafika kwenye lango la ua ule, anasikia kicheko cha mtoto, anainua sauti yake. Hodi. Sura inaishia hapo.

"Wamemfungulia?" Haboba aliuliza.

Nilisema sijui, mengine anayo Abdi.

Aliuliza mama huyo ametokea upande gani. Aliuliza kama njiani watu wengine wamemwona. Aliuliza ni nani wengine hapa Juba wenye karatasi hii, nikasema ni mimi peke yangu, kwa majivuno. Kisha akainuka, akamwaga maji kwenye moto wakati unga ulikuwa bado umejaa nusu beseni.

Asubuhi yake karatasi hazikuwamo mkobani mwangu. Haboba alisema labda ni panya. Nilimwamini, maana hakuwahi kunidanganya. Tulitafuta siku mbili, kama nilivyosema, na siku ya tatu, wakati najifuta vumbi la mkaa, ukweli ukanijia wenyewe. Nilishangaa nilivyochelewa kuuona.

Ijumaa nilisimama mbele ya darasa mikono mitupu, na sikuwa na hofu. Nilisema sura ya tisa haipo kwa sababu Zuhura amepatikana. Nafasi iko tupu, wametolewa kitabuni, yeye na mama yake.

Walicheka hadi wa darasa la jirani wakachungulia dirishani. Abdi alisema mimi nimepoteza kitabu cha watu na sasa natunga. Ndipo nilipolia. Mwalimu Auma hakucheka. Aliwanyamazisha, akaniinamia, akaniuliza nafasi tupu ni nini. Nikamweleza habari za meza ya kanisani, picha, namba, foleni ya kina mama. Alinisikiliza hadi mwisho, na wenzangu nao kicheko kikawakauka, maana hapakuwa na mmoja wao asiyekijua kitabu kile. Kisha akaniuliza kwa upole picha yangu iko ukurasa gani. Nikasema yangu haipo, siku zile sisi huenda kuni.

Alasiri alikuja nyumbani. Haboba alimpa kiti kizuri na chai ya tangawizi, nami nikakaa katikati kuhamisha maneno. Mwalimu alieleza kwamba hadithi ile mtu aliiwaza tu, hakuna Zuhura, hakuna mama. Haboba akanigeukia.

"Mwulize," aliniambia, "huyo aliyeandika, kama hakupotelewa, alijuaje kwamba mama huyo hakuvua viatu alipolala?"

Nikahamisha. Mwalimu Auma aliniomba nilirudie swali, kisha akaliandika kwenye daftari lake.

Haboba akauliza tena, "Na karatasi ikipotea, yule mama anakuwa wapi?"

Mwalimu hakuangalia sanduku, ingawa alikuwa amekaa karibu nalo kuliko sisi sote. Aliangalia chai yake. "Mwambie anabaki langoni. Amesimama tu pale."

Nilipohamisha hayo nilimwona Haboba akishika magoti yake kwa mikono miwili. Nikiwa mtoto nilidhani yanamuuma. Aliaga mgeni kwa heshima zote, akamfungia kisra kwenye karatasi, na hakusema neno juu ya sura ya tisa. Mwalimu naye hakuomba.

Jumatatu Mwalimu alituambia hatutasubiri karatasi. Kila mtoto aulize kwao: mtu anayetafuta mtoto akifika langoni, kwenu anapokelewaje? Majibu hayo ndiyo yatakuwa sura ya tisa. Majibu yalimiminika. Kwa Abdi walisema mgeni haulizwi jina lake kabla hajala. Msichana wa mtaa wa Amarat, ambaye mama yake alikuwa mpishi wa hoteli, alisema kwao Uganda wangepiga magoti kumsalimu. Wengine walisema wangeita majirani wote kwanza, ili mtu asipokee jambo zito peke yake. Tuliyaandika kwenye karatasi za daftari kwa mwandiko wetu mbovu. La kwetu lilikosekana. Nilimwuliza Haboba kila siku, na kila siku alisema bado anafikiri.

Ijumaa, tukiwa katikati ya somo, sauti ilisikika mlangoni. "Hodi."

Alikuwa Haboba. Amevaa nguo ya kanisani, kichwani amebeba kapu la kisra lililofunikwa. Sijui alikuwa amelifanyia mazoezi neno lile mara ngapi. Darasa zima tukajibu "Karibu" kwa pamoja, naye akashtuka kidogo, kisha akaingia. Aliniita mbele nihamishe maneno yake. Alisema kwetu mtu wa namna hiyo hupewa maji. Anakunywa, na hakuna anayesema kitu mpaka ameshusha kikombe. Yule bibi naye anyamaze, hata kama moyo unamkimbia. Halafu akasema, na nilihamisha bila kuelewa kwamba yananihusu, "Maji ni lazima yawepo langoni tangu kabla. Hutaweza kwenda kuyatafuta siku hiyo. Miguu itakataa."

Mwalimu Auma aliyaandika mwenyewe, kwa mkono wake. Siku hiyo hiyo Abdi akasoma sura ya kumi, na hiyo, huwezi kuamini, inaanza watu watatu wakiwa tayari wamekaa wanakula. Mwandishi ameliruka lango zima. Haboba alikuwa amekaa benchi la nyuma, magoti yakigusa dawati, na nilimnong'oneza kila sentensi.

"Watatu?" aliniuliza.

"Watatu."

"Bibi naye anakula?"

Nikamwambia naye anakula. Akatikisa kichwa polepole, kisha akavuta ncha ya nguo yake akajifuta uso wote, kama mtu aliyetoka juani.

Mwezi uliofuata watu wa kitabu cha picha walikuja kanisani, na hatukwenda kuni. Haboba alinipaka mafuta hadi nikang'aa, akanishika mkono, tukapanga foleni. Nilipokaa kwenye kigoda alitoa gauni na ushanga kutoka kwenye fundo la kitambaa, akaviweka mezani mbele ya kijana mwenye kalamu. Akasema mahali aliponiokota, ilikuwa saa ngapi, maneno mawili matatu niliyokuwa nikiyatamka. Alisema yote bila kusimama, na mkono wake ulikuwa mgongoni kwangu muda wote. Nilikuwa nikijua Haboba ni mpole, ni mkali, anapenda chumvi. Sikujua mtu anaweza kuwa na nguvu kiasi hicho. Siku hiyo sikuwa na jina la nilichokiona.

Tangu wiki ile kikombe cha pili kilitokea juu ya zir, ule mtungi wa maji uliokaa langoni petu kwa ajili ya wapita njia. Kilikuwa kikombe cha bati chenye ukingo wa buluu, kimefunikwa kifudifudi, na hakuna aliyeruhusiwa kukinywea. Nilikinywea mara moja nikachapwa mara moja, na tukaishia hapo. Nilidhani ni cha askofu.

Hakuna aliyekuja. Kila mwaka nilikwenda mezani kuangalia kama nafasi yangu bado ina picha, na nitasema kweli, kila nilipojikuta bado nimo nilishusha pumzi. Mwalimu Auma alikishona tena kitabu kwa sindano ya magunia, na kati ya sura ya nane na ya kumi akaweka karatasi zetu za daftari. Kisha mkataba wake uliisha akarudi kwao. Nilikua, nikaolewa upande wa pili wa mji, nikazaa.

Kwa hiyo siku ile ya sanduku, nilipokaa sakafuni na karatasi mikononi, nilidhani nimeelewa hatimaye: alizificha ili yule mama asifike. Nikamwambia Mama Poni hivyo, nikilia na kucheka. Mama Poni alikulia Kenya, Kiswahili anakisoma vizuri, na nilipomtazama ndipo nilipogundua kwamba karatasi zile hazikuwa zimemshangaza hata kidogo.

"Mwanzoni ni kweli," alisema. "Aliniambia mwenyewe. Lakini kila mwaka mvua zikianza alikuwa anakuja kwangu nazo, wewe ukiwa shule, na hata baada ya wewe kuolewa. Anasema, nisomee, tuone. Nasoma yote. Nikifika pale kwenye hodi, anajibu."

"Anajibu nini?"

"Karibu. Kwa sauti, kabisa, anaangalia lango. Halafu tunanyamaza kidogo. Halafu anakunja karatasi zake anaenda kubadilisha maji."

Nilitoka nje. Zir ilikuwa haijajazwa tangu siku ya maziko, na kikombe cha ukingo wa buluu kilikuwa juu yake, kifudifudi, kimeshika vumbi la siku nne. Nilikiosha, nikachota maji kisimani nikaujaza mtungi. Kisha nilikaa kwenye kigoda chake kinachotazama lango, nikasoma sura ya tisa kwa sauti, kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa lugha yake. Nilipofika mwisho nilijibu.